Lev Yashin, golikipa wa Moscow

Lev Yashin alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1929 katika Moscow, mji mkuu wa Urusi. Baba yake, Ivan Petrovich, alikuwa fundi wa vyuma katika kiwanda cha ndege. Mama yake naye alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Alikufa wakati Lev alipokuwa bado mtoto mdogo, na baba akaoa mke mwingine. Watoto wa mtaa ule walicheza mpira uani wakati wa jua. Wakati wa baridi, theluji ilipofunika nchi na maji kugeuka barafu ngumu kama jiwe, walicheza juu ya barafu. Lev alipenda michezo yote, na ule wa barafu ulikuja kumfaa baadaye.

Mwezi wa Juni 1941 majeshi ya Ujerumani yaliingia Urusi. Mashine za viwanda vya Moscow zilifunguliwa, zikapakiwa katika treni, zikapelekwa mbali upande wa mashariki ili adui asizipate. Kiwanda cha baba yake Lev kilihamishwa karibu na mji wa Ulyanovsk, kando ya mto mkubwa wa Volga, na wafanyakazi wakaenda pamoja na jamaa zao. Lev alitimiza miaka 12 katika siku zile za kushusha mashine.

Wanaume walikwenda vitani, mikono ya kazi ikapungua. Basi mwaka 1943 Lev aliacha shule, akaingia kiwandani kujifunza ufundi. Alikuwa na miaka 13. Alisimama mbele ya mashine mchana kutwa kama mtu mzima, na chakula kilikuwa kidogo. Huko alijifunza kazi. Huko huko alijifunza kuvuta sigara, na desturi hiyo hakuiacha tena. Vita ilipokwisha, serikali ilimpa nishani ya kazi. Wachache sana hupata nishani wakiwa na miaka 16, na pengine ingekuwa heri asiipate, akabaki shuleni.

Maana mwili wa kijana si chuma. Jamaa yake walikuwa wamerudi Moscow, na kazi iliendelea vilevile: kuamka gizani, kusafiri mbali mpaka kiwandani, kurudi gizani. Alipokuwa na miaka 18 kitu kilikatika ndani yake. Hakuwa na homa wala jeraha. Moyo tu ulichoka kabisa. Kila neno lilimkasirisha, kila kazi ilimlemea. Siku moja hakwenda tena kiwandani. Katika nchi ile, siku zile, kutoroka kazi lilikuwa kosa la kupelekwa mbele ya hakimu. Alishauriwa ajiandikishe jeshini, naye akafanya hivyo. Ugonjwa wa namna hii hauonekani, na watu wengi humcheka anayeupata. Yashin mwenyewe hakuona haya kuusimulia alipokuwa mtu mashuhuri.

Jeshini alipata nafasi ya kucheza. Kocha mmoja, jina lake Arkady Chernyshev, alimwona langoni: kijana mrefu, mwembamba, mikono mirefu. Mwaka 1949 alimwita katika timu ya vijana ya Dynamo ya Moscow. Katika timu hiyo Yashin alidumu mpaka mwisho wa kucheza kwake, zaidi ya miaka 20.

Mwanzo wake ulikuwa wa aibu. Mapema mwaka 1950 Dynamo walicheza mechi ya kujipima nguvu na Traktor ya Stalingrad. Golikipa wa Traktor aliupiga mpira mbali, mbali sana, na upepo ukausukuma mbele. Yashin aliutazama mpira ule juu, akakimbia kuupokea, macho yake yakiwa mbinguni. Hakumwona beki wake aliyekuwa akikimbia kuufuata mpira uleule. Wakagongana, wakaanguka wote wawili, na mpira ukadunda taratibu ukaingia langoni. Golikipa kufungwa na golikipa! Wachezaji wakubwa wa Dynamo, waliokuwa wakitazama kando, walicheka sana.

Mwezi wa Julai mwaka uleule, golikipa mkuu wa Dynamo, Aleksei Khomich, aliumia katika mechi na Spartak. Yashin akaitwa kuingia mbele ya maelfu ya watu. Ukaja mpira wa juu. Akatoka kuukamata, akamgonga tena mwenzake, na Spartak wakasawazisha. Baada ya siku chache, huko Tbilisi, alifungwa mabao manne. Hapo wakubwa wakasema inatosha. Alirudishwa katika timu ya akiba, akakaa huko zaidi ya miaka miwili.

Angalieni vizuri makosa yale mawili ya kwanza. Mikono yake haikuwa na kosa, wala miguu. Kosa lilikuwa katika kutazama. Macho yake yalishikwa na mpira peke yake, yakasahau watu. Golikipa anayeona mpira tu huona habari ya mwisho. Watu ndio wanaotangaza mapema mahali mpira utakapokwenda. Jambo hili Yashin alilazimika kulijifunza polepole, na hakuna mahali linapoonekana wazi kama katika penalti.

Katika miaka ile ya kungoja hakukaa bure. Mbele yake walikuwako makipa wawili, Khomich na Walter Sanaya, naye aliwatazama kila siku. Wakati wa baridi alilinda lango katika hoki ya barafu. Katika mchezo huo watu huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye chuma chini, na badala ya mpira hupiga kwa fimbo kisahani kidogo cheusi cha mpira mgumu. Kisahani hicho ni kidogo kuliko kiganja na kinakwenda kasi sana. Mbele ya golikipa wamejaa watu, na mara nyingi hakioni kabisa. Basi hutazama bega la mpigaji, fimbo yake na namna anavyoinama. Mwaka 1953 Yashin alishinda Kombe la nchi katika hoki hiyo pamoja na Dynamo. Wengi walifikiri atabaki kwenye barafu.

Lakini mwaka uleule nafasi ilifunguka katika mpira wa miguu, maana umri wa Khomich ulikuwa umekwenda. Safari hii Yashin hakuitoa nafasi ile. Dynamo walipata Kombe mwaka 1953, kisha wakawa mabingwa wa nchi mwaka 1954, 1955, 1957 na 1959. Mwezi wa Septemba 1954 alianza kulinda lango la timu ya taifa, yaani timu ya Urusi pamoja na nchi zilizounganishwa nayo katika Umoja wa Kisovieti, ambao ulidumu mpaka 1991. Mwaka 1956, katika Michezo ya Olimpiki ya Melbourne, huko Australia, Wasovieti waliwashinda Wayugoslavia 1–0 katika mechi ya mwisho, wakapata dhahabu.

Alicheza kwa namna yake. Makipa wengi wa siku zile walikaa kati ya nguzo mbili kama askari katika kibanda chake. Yashin alitoka. Alikwenda mbele kuukata mpira kabla mshambuliaji hajaupata, na pengine aliupiga kwa mguu au kwa kichwa kama beki. Aliwapigia kelele mabeki wake mechi nzima: huyu asogee kushoto, yule amfuate mtu wake. Mpira wenye nguvu nyingi hakuukumbatia kila mara. Aliupiga ngumi ukaenda zake. Alipoukamata, hakuupiga juu ovyo, bali aliurusha kwa mkono kwa mwenzake aliyekuwa peke yake. Vazi lake lilikuwa la rangi moja toka juu hadi chini. Watu walimwita buibui mweusi, lakini vazi lenyewe lilikuwa la buluu nzito sana. Ni picha za siku zile zilizoligeuza jeusi.

Mwezi wa Juni 1958 ulimwengu wote ulimwona, katika Kombe la Dunia lililochezwa Sweden. Mechi ya kwanza, na Waingereza, Tom Finney alimfunga kwa penalti, mechi ikaisha 2–2. Siku tatu baadaye, katika mji wa Borås, Waaustria nao walipata penalti. Mpigaji alikuwa Hans Buzek, kijana wa miaka 20. Yashin aliizuia, na Wasovieti wakashinda 2–0.

Penalti ni nini hasa? Sheria yake ni ya mwaka 1891. Ajabu ni kwamba mtu aliyetoa shauri la adhabu hii ngumu kwa makipa alikuwa golikipa mwenyewe, William McCrum wa Ireland. Mpira huwekwa mita 11 mbele ya lango. Lango lina upana wa mita 7 na sentimita 32, na kimo cha mita 2 na sentimita 44. Mpigaji yuko peke yake, golikipa yuko peke yake. Wakati wa Yashin golikipa alitakiwa asimame juu ya mstari wa lango bila kusogeza miguu mpaka mpira upigwe. Ruhusa ya kusogea kando juu ya mstari ilikuja mwaka 1997, Yashin akiwa amekwisha kufa.

Fanyeni hesabu sasa. Mpira uliopigwa kwa nguvu huenda kama kilometa 100 kwa saa. Kwa mwendo huo mita 11 huisha kwa sekunde 0.4, karibu sawa na kupepesa jicho. Lakini golikipa anayejitupa mpaka kwenye nguzo anahitaji zaidi ya nusu sekunde. Mwenye kungoja kuona mpira unakwenda wapi ndipo ajitupe, atafika wakati mpira umekwisha kulala katika nyavu. Kwa hesabu peke yake, kila penalti iliyopigwa vizuri ingekuwa bao.

Tena golikipa hawezi kujitupa mapema tu, kwa kubahatisha. Mpigaji naye ana macho. Akiona golikipa ameanza kuanguka kushoto, ataupeleka mpira kulia, polepole hata, kama mtu anayeweka kikombe mezani. Ndipo inapoonekana shida yenyewe: ukichelewa umefungwa, ukiwahi umefungwa. Kati ya kuchelewa na kuwahi kuna nafasi ndogo sana, nyembamba kama ufa wa mlango, na golikipa mzuri hupita humo.

Anapitaje? Kwa kusoma mwili wa mpigaji, kama ninyi mnavyosoma maneno haya. Mwili unasema kabla mpira haujasema. Mpigaji anapokuja, njia anayokuja nayo inaonyesha kitu: anayetoka pembeni sana na kupiga kwa mguu wa kulia, mara nyingi mpira wake hukatiza mwili wake, ukaenda upande wa kulia wa golikipa. Nyonga zake zinaonyesha zaidi. Zikizunguka na kufunga, mpira utakwenda huko huko. Zikibaki zimefunguka, mpira utakwenda upande wa pili, kushoto kwa golikipa. Na ishara iliyo ya kweli kupita zote ni ule mguu usiopiga, mguu wa kusimamia. Huo huwekwa kando ya mpira kabla tu ya kupiga, na mara nyingi vidole vyake huelekea kule kule mpira utakakokwenda.

Jaribuni wenyewe uwanjani. Weka mguu wa kushoto kando ya mpira, vidole vikielekea mwembe fulani. Kisha, bila kuusogeza mguu ule, jaribu kupiga mpira kwa nguvu zako zote upande mwingine kabisa. Mwili utakataa. Utayumba, au mpira utakwenda dhaifu. Uso unaweza kudanganya, macho yanaweza kutazama pembe hii huku mpira ukienda pembe ile, na wapigaji wajanja hufanya hivyo sana. Mguu wa kusimamia hauwezi kudanganya kwa urahisi, maana umebeba mzigo wa mwili wote.

Lakini ona taabu yake. Ishara za mapema, kama macho na njia ya kukimbilia, zinampa golikipa muda, lakini zinadanganya. Ishara ya mguu wa kusimamia haidanganyi sana, lakini inakuja wakati muda umekaribia kwisha. Basi golikipa anatakiwa kuvumilia. Anasimama, magoti yamekunjwa kidogo, uzito uko mbele ya nyayo, na moyo unapiga kama ngoma, naye hatikisiki. Anaacha ishara za kwanza zipite. Anangoja ile ya mwisho, kisha anaruka papo hapo, bila kufikiri tena.

Katika miaka ya baadaye wataalamu walilichunguza jambo hili. Waliwaonyesha makipa picha za sinema za wapigaji, wakapima kwa vyombo mahali macho yao yalipotazama. Waliona kwamba makipa hodari, kadiri mpigaji alivyokaribia, waliyatuliza macho yao kwenye miguu ya mpigaji na mpira. Wasio hodari waliyatembeza macho mwili mzima, hata mikononi na kiunoni. Tena makipa waliozuia penalti nyingi zaidi ndio waliochelewa zaidi kuamua. Yashin hakuwa na vyombo hivyo. Alikuwa na miaka miwili ya kukaa akiba, majira ya baridi mbele ya kile kisahani cheusi, na maelfu ya mipira ya mazoezi. Vitabu vya mpira huandika kwamba alizuia penalti zaidi ya 150.

Mwaka 1960 yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya mataifa ya Ulaya. Mechi ya mwisho ilichezwa Paris, tarehe 10 Julai, nao Wasovieti waliwashinda Wayugoslavia 2–1 baada ya muda wa nyongeza. Yashin alikuwa na miaka 30. Watu wengi walimwona kuwa golikipa wa kwanza wa dunia.

Kisha ukaja mwaka 1962.

Kombe la Dunia lilichezwa Chile, upande wa pili wa dunia. Katika mji wa Arica, Wasovieti walikuwa wakiwaongoza Wakolombia 4–1. Mkolombia mmoja, Marcos Coll, alipiga kona. Mpira ulikuja chini, ukadunda, ukapita kati ya beki na Yashin, ukaingia langoni moja kwa moja. Katika Kombe la Dunia bao la namna hiyo halikuwa limepata kuonekana. Wakolombia wakapata moyo, wakasawazisha, 4–4. Wasovieti hata hivyo walisonga mbele, mpaka tarehe 10 Juni walipokutana na Chile yenyewe. Leonel Sánchez alifunga kwa mpira wa adhabu. Eladio Rojas akafunga kwa kombora la mbali. Chile 2, Wasovieti 1. Safari ikaisha.

Katika Moscow watu hawakuwa wameiona mechi ile. Televisheni haikuwaletea mechi za Chile. Walisoma magazeti na kusikiliza redio tu, nayo habari ilikuwa moja: Yashin amezeeka, macho yake yamekwisha, mabao yale mepesi ni kosa lake. Hakuna aliyetaja washambuliaji waliokosa kufunga, wala mabeki waliomwacha Rojas apige. Mabao 7 yaligawanyika juu ya viwanja vizima, lakini lawama ilikaa juu ya kichwa kimoja. Hayo ndiyo maisha ya golikipa, na si haki, lakini ndivyo yalivyo. Aliporudi na kuingia uwanjani, watu wa mji wake walimpigia miluzi tangu alipotajwa jina. Kila alipougusa mpira, miluzi. Walipasua vioo vya madirisha ya nyumba yake. Barua za matusi zilifika mlangoni, na mkewe Valentina na mabinti wao wawili wadogo walikuwa mle ndani.

Yashin alitaka kuacha mpira. Kocha wa Dynamo, Aleksandr Ponomaryov, hakumlazimisha wala hakumfukuza. Alimwacha apumzike. Yashin alikwenda mbali na mji kuvua samaki, jambo alilolipenda tangu zamani. Mvuvi hukaa kimya, hutazama uzi juu ya maji, hangoji samaki amwambie kitu. Akiharakisha kuvuta, amekosa. Baada ya muda alirudi, akaanza na timu ya akiba kama kijana. Kisha alirudi langoni pa timu kubwa.

Mwaka 1963 Dynamo walikuwa mabingwa tena. Yashin alisimama langoni katika mechi 27, na mabao aliyofungwa hayakufika 10. Tarehe 23 Oktoba 1963 Waingereza walisherehekea miaka 100 ya chama chao cha mpira kwa mechi na wachezaji wateule wa dunia nzima katika uwanja wa Wembley. Golikipa aliyechaguliwa kusimama langoni pa dunia alikuwa Yashin. Siku iliyotangulia alikuwa ametimiza miaka 34. Alicheza nusu ya kwanza, na Waingereza hawakupata bao hata moja kwake.

Siku 18 baadaye alikuwa Roma. Ilikuwa tarehe 10 Novemba. Wasovieti walikuwa wamekwisha kuwashinda Waitalia 2–0 katika Moscow, katika mashindano ya Ulaya, na sasa ilikuwa zamu ya Waitalia nyumbani kwao. Gusarov aliwafungia Wasovieti bao la kwanza. Uwanja mzima ulikuwa ukiwapigia kelele Waitalia waamke. Katika nusu ya pili refa akaonyesha kidole mahali pa penalti. Italia!

Mpigaji alikuwa Sandro Mazzola wa Inter ya Milano, kijana aliyetimiza miaka 21 siku mbili tu kabla. Baba yake, Valentino Mazzola, alikuwa nahodha mkubwa wa Italia, naye alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1949. Jina lile lilikuwa zito katika Italia, na kijana alilibeba vizuri. Penalti ile ikiingia, mechi inarudi kuwa 1–1, muda bado ni mrefu, na watu wote wale wako nyuma yao. Tena kwa Yashin kulikuwa na jambo jingine. Huko nyumbani walikuwako watu waliokwisha kuandika kwamba macho yake hayaoni tena.

Mazzola aliuweka mpira. Yashin alisimama katikati ya mstari, mweusi toka juu hadi chini, mikono imeshuka kidogo. Lango la mita saba, kwa macho ya mpigaji, lilipungua. Kijana akaja, akapiga. Yashin akaenda upande uleule wa mpira, wakati uleule wa mpira, akauzuia.

Dakika ya mwisho Rivera aliwapatia Waitalia bao moja, 1–1, lakini halikuwafaa kitu. Wasovieti walisonga mbele.

Mwezi wa Desemba 1963 gazeti la Ufaransa liitwalo France Football lilimpa Yashin Mpira wa Dhahabu, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya kwa mwaka ule. Wa pili alikuwa Gianni Rivera, Mwitalia yule yule wa bao la dakika ya mwisho. Tuzo hiyo imetolewa tangu 1956, nao walioipata wote ni washambuliaji, viungo na mabeki. Golikipa ni mmoja tu.

Mwaka 1966, huko Uingereza, alifika na Wasovieti nafasi ya nne katika Kombe la Dunia, na haijapata kuwa juu zaidi kwa timu ile. Katika mechi ya kugombea nafasi ya tatu Wareno walipata penalti, na Eusébio akamfunga. Mpira uliopigwa kwa nguvu kiasi kile na pembeni kiasi kile hauzuiliki, hata na mtu aliyesoma kila herufi ya mwili wa mpigaji.

Alicheza mpaka alipopita miaka 40. Tarehe 27 Mei 1971 alifanyiwa mechi ya kuagwa katika uwanja mkubwa wa Moscow, mbele ya watu zaidi ya 100,000. Eusébio alikuja kutoka Ureno, Bobby Charlton kutoka Uingereza, Gerd Müller kutoka Ujerumani, Facchetti kutoka Italia. Walishambulia lango lake kwa kweli, wala hawakumpa zawadi, na alipotoka uwanjani walikuwa hawajapata bao. Glavu zake alimpa Vladimir Pilguy, golikipa kijana aliyeingia badala yake. Katika viti vya uwanja ule walikuwako bila shaka wengi waliompigia miluzi miaka 9 nyuma. Sasa walisimama wote.

Miaka ya mwisho ilikuwa migumu. Sigara alizoanza kuvuta kiwandani alivuta mpaka uzeeni, na madaktari wanajua kwamba tumbaku huharibu mishipa ya damu ya miguu. Katika miaka ya 1980 damu haikupita vizuri tena, na mguu wake mmoja ukakatwa. Kisha alipata saratani ya tumbo. Lev Yashin alikufa Moscow tarehe 20 Machi 1990, akiwa na miaka 60, akazikwa katika makaburi ya Vagankovo.

Tangu 2019 wale wanaotoa Mpira wa Dhahabu hutoa vilevile tuzo ya golikipa bora wa mwaka. Tuzo hiyo inaitwa kwa jina la Yashin.